Kaimu Mfungwa

Hapo zamani za juzi Jumanne palikuwa na nchi, na mpaka Alhamisi ilikuwa bado ipo. Iliitwa Shirikisho la Majimbo Kumi na Moja na Nusu. Ile nusu ilikuwa jimbo la kumi na mbili, ambalo wajumbe walilijadili hadi wakafika katikati, chakula kikaletwa. Msomaji asihangaike kuitafuta nchi hiyo kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa kusainiwa na haijarudi.

Katika Shirikisho hilo palikuwa na sheria moja iliyozizidi nyingine zote: kiti cha umma hakiachwi kitupu. Ilitungwa wiki ile aliyofariki Muasisi. Kiti chake kilikaa kitupu mchana mzima, paka wa jikoni akapanda akajilalia, na katika saa nne alizotawala paka yule unga haukupanda bei, hakuna mtu aliyekamatwa, na mvua ilinyesha. Wakubwa waliingiwa na hofu isiyo kifani. Tangu siku hiyo, mwenye cheo akitoka ofisini, hata kama anakwenda msalani, sharti awepo wa kumkaimu. Pakawa na Kaimu Waziri, Kaimu Mfagizi, na Kaimu Mpiga Tarumbeta wa Taifa, ambaye kazi yake ilikuwa kuishika tarumbeta bila kuipuliza. Wenye vyeo vyenyewe walikuwa semina, au safarini, au walikwisha kuzikwa. Na ili kaimu yeyote asije akajisahau, sheria iliongezwa kifungu kifupi: kaimu hasaini. Atakaa, atapokea wageni, atakunywa chai, atasema jambo linafanyiwa kazi. Kalamu ni ya mwenyewe.

Bi Sikudhani Mpelembe, mkaanga vitumbua wa mtaa wa Machinjioni, aliyajua haya kama alivyojua kiasi cha iliki. Hakuona ajabu yoyote, mpaka yalipomgusa mumewe.

Mumewe, Fundi Chande, alikuwa fundi cherehani asiye na ugomvi na mtu. Alikuwa na ila moja tu: futi yake ya kupimia haikujua kusema uongo. Gavana wa jimbo alimwita amshonee suti ya Sikukuu ya Shirikisho. Kwa mujibu wa Gazeti la Serikali, kiuno cha Gavana kilikuwa inchi thelathini na nne, na kilikuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa mfululizo. Mafundi wote waliotangulia walishona thelathini na nne, na Gavana alihudhuria sherehe zote suruali ikiwa imefungwa kwa pini na dua. Chande akapima, akapata hamsini na mbili, akashona hamsini na mbili. Suti ikamkaa Gavana vizuri mno. Alijitazama kwenye kioo akacheka, akala mezani bila kuhema. Kesho yake msaidizi wake akamweleza kwa upole kwamba ikiwa nguo imemkaa, basi Gazeti la Serikali limekosea, na Gazeti la Serikali halikosei. Chande akachukuliwa alasiri ile ile, futi bado iko shingoni.

"Ni kwa muda tu, mama," askari alimwambia Bi Sikudhani mlangoni.

Muda huo sasa ulikuwa na miaka sita. Chande hakusomewa shitaka, maana hati ya mashtaka ilikuwa mezani kwa Mwendesha Mashtaka ikisubiri saini, na aliyekaa pale mezani alikuwa kaimu. Mkewe hakuruhusiwa kumwona, kwa kuwa wanaoruhusiwa kuonwa ni walioshtakiwa na waliohukumiwa, na Chande hakuwa huku wala kule. Kila Ijumaa Bi Sikudhani alipeleka sahani ya vitumbua getini, na kila Ijumaa ile ya wiki iliyopita ilirudi tupu, imeoshwa ikang'aa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Nyumbani Chande hakuwahi kuosha sahani hata siku moja, kwa hiyo mkewe hakujua kama vitumbua vinamfikia yeye au vinaishia kwenye matumbo ya askari, wala kama mwenyewe yu hai.

Mwaka wa sita akaenda kwa Wakili Ndimbo. Ofisi ya Wakili ilikuwa chini ya ngazi za posta ya zamani, na kila aliyeingia ilimpasa kuinama, jambo lililompa Wakili heshima ambayo kesi zake hazikumpa.

"Sheria ipo, Bi Sikudhani," alisema, akifuta vumbi kitabu. "Ipo tangu enzi za Muasisi, na ni nzuri ajabu. Sisi mawakili tunaiita Mlete Tumwone. Aliyemshika mtu anaamriwa amlete mbele ya Mahakama ya Shirikisho, amwambie jaji anamshikia nini. Akikosa la kusema, mtu anakwenda zake."

"Imeshamtoa nani, Wakili?"

"Haijawahi kutumika. Ndiyo maana bado ni nzuri."

Wakaandika ombi. Karani wa Mahakama ya Shirikisho akalisoma mara mbili, akasema linahitaji barua ya gereza kuthibitisha kwamba mfungwa yumo. Gereza likasema haliwezi kutoa siri za mfungwa pasipo idhini yake mwenyewe, itakayotolewa kwa mdomo, mbele ya karani wa mahakama, dirishani. Wakili Ndimbo alikwenda na kurudi mara saba, mpaka soli ya kiatu cha kushoto ikaomba kustaafu. Mara ya nane Bi Sikudhani alikwenda naye. Alifungua kanga, akaweka sahani juu ya meza ya karani.

"Mwanangu, sahani hii inaingia gerezani imejaa, inatoka tupu. Kila Ijumaa, miaka sita. Kama mume wangu hayumo mle, basi kuna ofisa wa serikali anayekula chakula cha raia bila kibali. Nifungue kesi ipi?"

Karani aliitazama sahani. Akafikiria tume itakayoundwa, na semina za tume, na makaimu wa wajumbe wa tume. Akagonga mhuri.

Jaji Kisamba, ambaye alikuwa jaji mwenyewe na si kaimu, na kwa hiyo alikuwa na kalamu, akaamuru mfungwa aletwe Alhamisi saa tatu asubuhi. Bi Sikudhani alitoka mahakamani amekumbatia sahani yake, anacheka peke yake barabarani, na hakujali nani anamwona.

Siku ya pili akaitwa na Mkuu wa Gereza. Afande Kapilima alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Alimpa kiti, akaagiza maji.

"Amri tumeipokea kwa mikono miwili, mama. Alhamisi tunamleta. Ila kuna kijambo. Akitoka, nafasi yake itakuwa wazi."

"Si ndiyo maana ya kutoka, afande?"

Afande akafungua jalada. Mfungwa Namba 417, akaeleza, si mtu tu, ni nafasi kwenye ikama ya serikali. Ina blanketi lake, ina bakuli lake, ina dirisha. Ni kiti cha umma kama viti vingine. Lazima apatikane Kaimu Mfungwa wa kukikalia hadi mwenyewe atakaporejea.

"Wekeni mfungwa mwingine."

"Kila mfungwa ana nafasi yake, na mtu mmoja haruhusiwi kushika mbili, tangu yule waziri aliyeshika saba. Tena kaimu anatakiwa awe na tabia njema na asiwe amewahi kufungwa. Hicho kipengele cha mwisho, mama, kinatunyima watu wengi sana humu ndani."

Bi Sikudhani akazunguka kutafuta. Shemeji yake Hemedi, aliyekuwa akilia kila akitajiwa kaka yake, alishikwa na mgongo ghafla. Jirani wa kulia alikuwa na harusi, na jirani wa kushoto alikuwa amealikwa kwenye harusi hiyo. Wakili Ndimbo alisema ingekuwa fahari yake, ila kinywa chake kinahitajika mahakamani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Jumatano jioni Bi Sikudhani aliamua akawajue. Siku moja si nyingi kwa mtu aliyengoja miaka sita.

Alipewa barua yenye nembo ya taifa, ya kwanza katika maisha yake. "Ninayo furaha kukuarifu," ilisema, "kuwa umeteuliwa kukaimu nafasi ya Mfungwa Namba 417. Ni matarajio ya Serikali kwamba utaitumikia kwa uadilifu na hutaitumia kujinufaisha."

"Hongera sana, mama," alisema Afande Kapilima, na alimaanisha. "Wanawake wachache wamefika hapa."

Alhamisi saa mbili asubuhi palifanyika makabidhiano, kizingitini, mlango wa gereza ukiwa wazi. Kanuni ilikuwa hivyo: mlango haufungwi mpaka makabidhiano yakamilike, kwa sababu zamani uliwahi kufungwa katikati ya makabidhiano ya stoo, na bwana stoo wa zamani na bwana stoo mpya wakabaki ndani pamoja na ufunguo, wakala humo sikukuu mbili. Askari wa kike, Afande Lutfia, alisimama na fomu mkononi.

Akatolewa Chande. Ndevu zilikuwa nyeupe, na shati lilimning'inia kama limeanikwa. Bi Sikudhani alikuwa ameandaa maneno ya miaka sita. Yote yakamkimbia.

"Mama Nuru," alisema Chande, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. "Umefanya nini?"

"Nimepata kazi serikalini, Baba Nuru."

"Blanketi moja," alisoma Lutfia. Chande akalitoa, mkewe akalipokea.

"Uji unywe ungali moto," Chande alinong'ona haraka haraka. "Ukipoa unaona vilivyomo. Jua linaingia saa nne, linakaa ukutani kidogo. Sogea pale."

"Bakuli moja. Kijiko kimoja."

"Na mwaka wa tatu ulipunguza iliki."

Bi Sikudhani alishika ukuta. "Kumbe vilikuwa vinakufikia?"

"Vyote. Na sahani nilikuwa naiosha mwenyewe. Niliona haya kukurudishia chafu."

Hapo Bi Sikudhani akalia, kilio cha furaha chenye uchungu wake ndani, na Lutfia akajifanya anatafuta mstari kwenye fomu. "Dirisha moja," alisema hatimaye. "Mkabidhi asaini hapa. Bila saini ya mkabidhi hakuna makabidhiano." Chande akasaini, mkewe, akiwa bado hajaanza kukaimu, akasaini kupokea, mlango ukafungwa, na kila mmoja alikuwa upande usio wake.

Kesi ilitangazwa na redio ya taifa, na Lutfia akaisogeza redio yake dirishani ili Kaimu asikie.

"Serikali inamshikilia mtu huyu kwa nini?" sauti ya Jaji Kisamba iliuliza.

"Mheshimiwa Jaji," alijibu Wakili wa Serikali, "anashikiliwa kwa sababu hajaachiwa. Angekuwa ameachiwa, Serikali ingekuwa mstari wa mbele kutomshikilia." Akakohoa. "Isitoshe, kwa heshima na taadhima, mtu huyu si mfungwa. Mfungwa Namba 417 yuko gerezani muda huu, anakunywa uji, nimehakikisha kwa simu. Mahakama tukufu haiwezi kumwachia mtu ambaye hajashikwa."

Bi Sikudhani alitazama bakuli lake. Kweli, alikuwa anakunywa uji.

"Mheshimiwa," ikasikika sauti ya Wakili Ndimbo, "nakubaliana na ndugu yangu kwa asilimia zote. Huyu si mfungwa. Naomba basi aruhusiwe kwenda kunywa chai."

Mtangazaji akawaeleza wasikilizaji kwamba Jaji anafikiri. Kisha Jaji akazungumza kwa dakika arobaini kuhusu uhuru. Alisema uhuru ni tunu, ni nguzo, ni mhimili, ni taa, na tena ni tunu. Alimtaja Muasisi mara kumi na moja. Mwishoni akasema kwa kuwa pande zote zimekubaliana kwamba mtu huyu si mfungwa, aende zake, na hukumu hiyo ameisaini. Redioni kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi.

Bi Sikudhani akapiga kigelegele ambacho gereza lile halikuwahi kukisikia. Wafungwa wa seli za jirani wakaitikia. Lutfia naye akapiga, kisha akakumbuka sare yake akanyamaza.

Akakunja blanketi vizuri, akasuuza bakuli, akakaa kungoja. Saa kumi akaja Afande Kapilima, na sauti yake ya msibani.

"Hongera, mama. Shauri limekwenda vizuri sana."

"Alhamdulillahi. Basi nifungulie, afande, nikampikie."

"Ndiyo kijambo chenyewe. Mwenye nafasi akitoka akarudi, kaimu anaondoka. Mwenye nafasi akiondoka moja kwa moja, kaimu anaendelea, mpaka Tume ya Ajira iteue mwenyewe."

"Na mwenyekiti wa Tume?"

"Ni kaimu."

Bi Sikudhani alisimama. "Nipe karatasi. Na mimi naomba Mlete Tumwone. Nisaini sasa hivi, mbele yako."

Afande Kapilima alitikisa kichwa, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. "Mama, wewe ni kaimu. Kaimu hasaini."

"Nitakaa mpaka lini?"

"Ni kwa muda tu."

Ikamjia hasira. Aliyajua maneno yale. Aliyasikia mlangoni kwake miaka sita iliyopita. Alikaa chini akarudia maneno ya Afande kimoyomoyo, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Ijumaa ililetwa sahani ya vitumbua. Vilikuwa vimeungua nje na vibichi ndani, na iliki ilikuwa ya kumpalia mtu. Bi Sikudhani alivila vyote, akaosha sahani.

Huko nje Serikali ilitangaza kwamba Shirikisho sasa linawaachia wafungwa, na tena bila kupunguza idadi yao, mafanikio ambayo mataifa makubwa yameshindwa kuyafikia. Kaimu Waziri wa Sheria alikwenda ng'ambo kupokea nishani. Kwa kuwa kaimu hasaini, alipewa picha ya nishani.

Chande alizunguka kama mkewe alivyozunguka. Aliinama chini ya ngazi kwa Wakili Ndimbo, akaweka sahani mbele ya karani yule yule, karani akagonga mhuri kabla hajafungua mdomo. Mwezi wa nne Jaji Kisamba akaamuru Kaimu Mfungwa aletwe Alhamisi saa tatu, akasaini, akaenda semina. Ilibaki kumpata Kaimu wa Kaimu Mfungwa, na Chande akajitolea mwenyewe. Jalada lake likapekuliwa kuona kama amewahi kufungwa. Ikaonekana hakuwahi kushtakiwa wala kuhukumiwa, kwa hiyo hakuwahi kufungwa. Akafaulu kwa alama za juu.

Wakakutana tena kizingitini, mlango wazi, Lutfia na fomu yake. Chande alikuwa na futi shingoni. Alimtazama mkewe kwa jicho la kifundi.

"Umepungua inchi nne, Mama Nuru."

"Usiseme kwa sauti. Inchi ndizo zilizokuponza."

"Leo ukitoka, kesho nitaandika mimi... la, utaniandikia wewe ombi langu. Kisha mimi lako. Angalau tutaonana hapa mlangoni."

"Nyamaza kwanza, baba," alisema mkewe.

"Blanketi moja. Bakuli moja. Kijiko kimoja. Dirisha moja," alisoma Lutfia, na kila kitu kikapita mkononi. "Mkabidhi asaini hapa."

Bi Sikudhani aliitazama kalamu aliyonyooshewa. Mikono akaifunga ndani ya kanga.

"Siwezi, afande."

"Kwa nini, mama?"

"Mimi ni kaimu. Kaimu hasaini."

Lutfia aliitazama fomu, akamtazama mama, akaenda kumwita mkubwa wake mbio. Afande Kapilima alikuja na kitabu cha kanuni. Alikisoma kusonga mbele, akakisoma kurudi nyuma, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu aliyefiwa mwenyewe.

"Fundi asaini peke yake."

"Atasaini kupokea nini?" aliuliza Bi Sikudhani. "Mimi sijakabidhi."

"Basi rudi ndani, mama, tuahirishe."

"Nirudi kama nani, afande? Blanketi analo yeye. Bakuli analo yeye. Dirisha nimeshalitoa. Makabidhiano yameanza, hayajakamilika, na yasipokamilika mlango haufungwi. Si mlinisomea wenyewe?"

Akakaa kizingitini. Uso wa Chande ukafunguka, akacheka, kicheko cha mtu aliyesahau namna yake, naye akaketi ubavuni kwake. Waliketi pale bega kwa bega, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na hakuna askari aliyejua awaguse upande upi.

Afande Kapilima aliandika Makao Makuu kuomba mwongozo. Jibu lilikuja upesi: suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Halikuwa na saini. Alipiga simu Mahakama ya Shirikisho, akaambiwa Jaji Kisamba bado yuko semina, ila kaimu wake yupo na anawasalimu.

Hadi tunaandika haya makabidhiano yanaendelea. Bi Sikudhani ameletewa chuma chake cha vitumbua, na Chande cherehani yake, na watu wa Machinjioni wanakuja kupimwa pale pale mlangoni. Afande Kapilima mwenyewe alishonewa suruali. Chande alimnong'oneza kipimo sikioni, na Afande hakukipeleka popote.

Mlango uko wazi mchana kutwa na usiku kucha. Wafungwa wengine walianza kwa kuja kupunga upepo. Hesabu ya asubuhi bado inatimia, kwa sababu siku hizi Lutfia anahesabu mablanketi, na mablanketi yote yapo. Serikali imeridhika.

Saa nne jua linafika kizingitini na kukaa kidogo. Uji ukiletwa, wale wawili wanaunywa ungali moto, kisha vitumbua, vyenye iliki ya kutosha. Wakimaliza kula, Chande anaosha sahani.